Unga Ndani ya Kapsuli

Théodore hakuwa mtu wa kunong'ona. Miaka ishirini ya kuuguza watu ilikuwa imempa sauti ya kuita majina kutoka mlangoni mwa dispensari mpaka mwisho wa foleni, na Jumanne ile aliitumia sauti yote. Aliufungua mguu wa Edouard, akaunusa, akakunja uso, kisha akamgeukia Mbambu, mke wa mgonjwa.

"Mama Viviane, siku kumi! Siku kumi ya tetra, na mufupa ingali inatoa usaha. Dawa niliyokupa iko wapi?"

"Amemeza yote, munganga," alijibu Mbambu.

"Amemeza nini?"

Swali hilo lilikuwa na mkia, na watu wa foleni wakaanza kusogea karibu ili wauone. Edouard alikuwa amekaa kwenye benchi, suruali imekunjwa mpaka gotini, macho yake yamezama kwa homa. Alikuwa seremala. Mwezi wa nne, akichonga mguu wa kitanda, tezo lilimteleza likamkata muundi hadi kwenye mfupa. Sindano za penisilini zilikuwa zimekwisha mjini, hata kwa masista hazikuwapo, na dispensari ilikuwa imebakiwa na kopo moja kubwa la tetra, yaani tetrasaiklini, zile kapsuli za rangi mbili, nyekundu na njano. Kila baada ya siku tatu Théodore alimhesabia Mbambu kapsuli kumi na nane, akazifunga ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, akamwambia mbili asubuhi, mbili saa sita, mbili jioni. Basi. Foleni ilikuwa ndefu na karatasi zilikuwa chache.

"Kapsuli inafunguka," alisema Théodore, akiichukua moja mezani na kuivuta mbele ya watu wote. Ikatengana vipande viwili, unga wa njano ukamwagika kiganjani. "Unaona? Mutu anafungua, anatoa dawa, anatia unga ya muhogo, anafunga. Dawa inaenda kuuzishwa mu soko, mugonjwa anameza bugali. Miye naona hiyo kila mwezi. Na weye, mama, unauzishaka nini?"

Hakukuwa na haja ya kujibu. Nusu ya wanawake waliokuwa pale walikuwa wateja wake. Mbambu aliuza unga wa muhogo katika soko kuu la Bunia, na hata asubuhi ile ulikuwa bado umemganda kwenye kucha.

"Naapa mbele ya Mungu, munganga. Sikufungua hata moja."

"Usiniapie miye. Umwapie huyu." Théodore alimwonyesha Edouard kwa kidole. "Daktari wa kila Jumanne amesema mbele yako: Jumanne inayokuja, kama iko vile vile, atakata. Hapa, chini ya goti. Leo nitatafuta fasi ingine ya kuweka dawa hii. Haitalala tena mu nyumba yako. Atakuja kumeza hapa, mbele yangu, mara tatu kwa siku. Tutaona."

Mbambu alimtazama mumewe, akingoja aseme neno. Edouard aliinua uso taratibu.

"Miye nilimeza," alisema. "Ya ndani sikuona."

Kwa kweli hakusema uongo. Lakini kuna ukweli ambao mtu angeufanyia hisani mkewe akiubana mdomoni, na Edouard hakuubana. Mbambu alihisi uso unamwaka moto. Akamshika mkono, akampandisha kwenye kibebeo cha baiskeli, akamsukuma hadi nyumbani Nyakasanza bila kugeuka nyuma, huku akijua kwamba maneno yalikuwa yameshamtangulia.

*

Yalimtangulia kweli. Mama Émilienne, mama mzazi wa Edouard, alikuwa amesimama katikati ya lupango, ule ua wa nyumba yao, mikono kiunoni.

Mama huyo alikuwa ameshuka kwa lori kutoka Mahagi mara tu aliposikia mwanawe ameumia, na tangu siku ile uuguzi wote wa nyumbani ulikuwa wake. Mbambu alipokea dawa na kuitunza juu ya kabati. Kumpa mgonjwa ilikuwa kazi ya mama. Na mama alikuwa na utaratibu wake. Dawa ya wazungu iko na moto, ndivyo alivyoamini, na ndivyo walivyoamini wenzake wote wa rika lake. Ukiitupa tumboni peke yake inatoboa. Dada yake mdogo alimeza vidonge na maji matupu, akatapika damu, akafa. Kwa hiyo kila alfajiri alikwenda njiani kuwangoja wanawake wanaoleta maziwa kutoka kwa wafugaji wa upande wa Gety, akanunua chupa mbili, akayachemsha. Edouard hakuwahi kumeza kapsuli bila kikombe kikubwa cha maziwa, na mama alisimama juu yake mpaka tone la mwisho. Maziwa hayo aliyalipia kwa fedha aliyoiweka kwa ajili ya bati la nyumba yake. Hakuna aliyemwomba, na hakumlalamikia mtu. Alimpenda mwanawe, na huo ndio ukweli wake.

"Njo maana!" alipaza sauti. "Njo maana maziwa inaisha na mutoto hapone! Miye nilifikiri ni uchawi. Kumbe uchawi iko inapika mu nyumba yetu!"

"Mama, unanijua miaka sita."

"Nakujua? Nilijua watu ya Butembo biashara iko mu damu yao. Sikujua mutaweza kuuzisha hata mguu ya mutu." Mama alitikisa kichwa, na mara sauti ikamkatika, akaanza kulia. "Kikulacho kiko mu nguo yako. Kweli babu zetu walisema."

Mbambu alitaka kusema mengi, lakini mama mkwe hatukanwi. Aliingia jikoni akakoka moto ambao ulikuwa unawaka tayari.

Jioni ile mama alimwita katekista amwandikie barua. Ilikuwa ya kumpelekea Louis, kaka mkubwa wa Edouard, aliyekuwa akinunua samaki ziwani na kuwauza Mahagi. Katekista aliisoma kwa sauti ili mama aikubali, na ukuta wa udongo haufichi kitu. Louis aje. Aje na nauli. Mke wa mdogo wake arudishwe kwao Butembo, ila mtoto Viviane abaki, maana mtoto ni wa ukoo.

Mbambu alisikia kila neno. Binti yake wa miaka minne alikuwa amelala mapajani mwake, na alimshika mpaka mtoto akaamka na kulalamika kwamba anabanwa.

*

Kuanzia siku ile baiskeli ilitoka na kurudi mara tatu kwa siku. Mbambu alisukuma, Edouard alikaa nyuma mguu umenyooshwa, na watoto wa mtaa walijua saa kwa kuwaona. Kule dispensari Théodore alichota maji kwenye ndoo kwa kikombe cha bati, akatoa kapsuli mbili kutoka mfukoni mwa koti lake, akasema "Fungua," akasema "Ulimi juu," akachungulia mdomoni mwa mtu mzima mwenye ndevu kama anayekagua mbuzi sokoni. Kisha akamtazama Mbambu kwa jicho la "leo umeshindwa."

Sokoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Léonie, jirani yake wa meza, aliyeuza sombe, yale majani ya muhogo, na vitunguu, alijaribu kumficha, lakini utamficha mtu vipi na wateja wenyewe wanaongea? Mwanamke mmoja alichota unga kwa ncha ya kidole, akaulamba, akauliza kwa upole wa kinafiki:

"Mama Viviane, hii haina tetra ndani? Bwana yangu iko na kikohozi."

Wakacheka. Mbambu naye alijilazimisha kucheka, na ndicho kilichomuuma zaidi usiku. Lisemwalo lipo, walisema watu, na kama halipo laja. Mchana ule alirudi nyumbani na beseni limejaa kama lilivyotoka.

"Weye sema ukweli," Léonie alimwambia siku ya pili, wakiwa wawili. "Kama ni njaa ilikusukuma, miye sitakuhukumu. Siye wote tuna njaa."

"Hata weye, Léonie?"

"Nauliza tu."

"Basi usiulize tena."

Alhamisi jioni Théodore alifungua bandeji. Aliinama akaangalia vizuri. Uvimbe ulikuwa umeanza kushuka, ngozi ya pembeni imepata mikunjo, na usaha ulikuwa umepungua hata kitambaa kilikuwa karibu kikavu. Edouard hakuwa na homa tangu asubuhi. Alikuwa ameomba chakula mwenyewe, tena ameuliza ni nani anayetunza randa yake.

"Unaona!" Théodore alipiga makofi. "Siku tatu! Siku tatu ya dawa ya kweli!"

Mbambu alipiga magoti pale pale akaushika mguu wa mumewe kwa mikono miwili. Furaha ilimjaa kifuani hadi akashindwa kupumua. Mguu utapona! Kisha alipoinua macho akaona jinsi watu wanavyomtazama, akaelewa walichokielewa wao. Nyumbani, dawa haikufanya kazi. Hapa, imefanya. Ni nini basi kilichokuwa nyumbani, kama si yeye? Kila siku ambayo Edouard angepata nafuu ingekuwa shahidi mwingine wa kumhukumu.

Edouard mwenyewe hakumsemesha njiani. Walipofika mlangoni tu ndipo alipomwambia, polepole, kama mtu anayemhurumia:

"Kama uliuzisha, sema. Nitakusamehe. Niko na mguu sasa."

"Sitaki msamaha yako," alijibu Mbambu. "Nilikuletea dawa ya kweli."

*

Ijumaa ilikuwa tarehe ishirini ya mwezi wa tano, sikukuu ya Chama tawala. Mji mzima ulitakiwa kwenda kucheza ngoma uwanjani, na dispensari ilifungwa. Jumamosi nayo ingefungwa, na Jumapili ilikuwa Pentekoste. Siku tatu nzima. Théodore alifikiri sana Alhamisi ile, kisha akamwita Mama Émilienne aje mwenyewe kwa miguu yake. Akamhesabia kapsuli kumi na nane mkononi, moja moja.

"Mama, ni weye. Asiguse mutu mwingine."

"Atagusa miye nikiwa nimekufa," alisema mama, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake kwa fundo ambalo hata meno yasingelifungua.

Siku hizo tatu Mbambu aliishi katika lupango lake kama mgeni ambaye hajakaribishwa. Alipika, akafagia, akamwogesha Viviane. Chumba cha mgonjwa hakuingia. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona kila kitu, kwa kuwa mama alitaka aone: fundo linafunguliwa, kapsuli mbili zinatoka, kikombe cha maziwa ya moto kinapelekwa mdomoni, "Kunywa yote, mwanangu, usiache," na fundo linafungwa tena. Mara tatu kwa siku. Mama alinunua hata chupa ya tatu, kwa ajili ya sikukuu.

Jumapili, waliporudi misani, Edouard alikuwa anatetemeka chini ya blanketi mbili. Harufu ilikuwa imerudi. Mbambu aliisikia tangu uani, akaacha sufuria, akasimama mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya kitanda, mkono mdomoni. Wakatazamana. Mbambu aliogopa kwa ajili ya mguu, aliogopa sana, lakini tusimfanye mtakatifu: chini ya hofu ile palikuwa na kitu kingine kidogo kilichokuwa kinasema, sasa je?

*

Jumatatu asubuhi baiskeli ilisukumwa na wanawake wawili, mmoja kila upande. Théodore alifungua bandeji, akarudi nyuma hatua moja.

"Hapana," alisema. "Hapana, haiwezekani. Alhamisi ilikuwa inakauka!" Akamgeukia Mbambu, kinywa kimeshafunguka, halafu akakumbuka. Taratibu akageuza kichwa upande wa Mama Émilienne.

Foleni nzima iligeuza kichwa pamoja naye.

"Mama, dawa ulimupa nani?"

"Nilimupa mwanangu! Nani tena?" Sauti ya mama ilikuwa nyembamba. Alilishika pindo la kitenge, likawa tupu mkononi mwake. "Kumi na nane. Nilimupa yote."

"Kapsuli inafunguka, mama."

"Unaniambia nini? Miye nimekula mguu ya mutoto yangu?"

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo. Ndipo Mbambu alipoona mdomo wa mama mkwe ukitetemeka, na akajua kabisa, maana yeye mwenyewe alikuwa amesimama palepale Jumanne iliyopita, jinsi mtu anavyosikia akiulizwa swali ambalo jibu lake limeshaamuliwa. Alikuwa ameingoja saa hii. Kwa siku sita alikuwa ameipika kichwani, na sasa imefika hakuiona tamu.

"Munganga, ngoja," alisema. "Mama hakuiba."

"Basi ni nani? Weye?"

"Hakuna mutu. Sikia kwanza." Alikuwa anafikiri huku anasema, maneno yakija moja moja. Sokoni mteja akija kulalamika kwamba ugali umekataa kushikana, Mbambu halaumu unga kwanza. Anauliza maji yalikuwaje, anauliza moto, anauliza sufuria, mpaka afike kwenye kitu kilichobadilika. "Kapsuli ni zile zile, zinatoka mu kopo moja. Mudomo ni ule ule. Kwangu haikusaidia, kwa mama haikusaidia. Hapa kwako imesaidia. Hapa unamupa na nini?"

"Na maji. Si unaona ndoo?"

"Kule anameza na maziwa. Kikombe ya kujaa, kila mara. Toka siku ya kwanza."

Théodore alifungua mdomo ili amkemee. Ukabaki wazi.

Wale waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba alibadilika rangi. Aliingia ndani, wakasikia anavuta masanduku, anaangusha kitu, anatukana kwa Kifaransa. Akatoka na karatasi nyembamba, imekunjwa mara nane, iliyokuwa imebaki chini ya sanduku tangu kopo lilipoletwa. Nani husoma karatasi ile? Wenye kopo hawasomi, na wenye kapsuli ndani ya karatasi ya daftari hawaioni kamwe. Aliishika mbali na macho kama wazee wafanyavyo, akasoma kimya, midomo ikitembea.

"Maziwa," alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika mwisho wa foleni. "Imeandikwa hapa. Isimezwe na maziwa. Maziwa iko na kitu ndani, chokaa ya mifupa. Inakamata dawa mu tumbo, inashikana nayo, na dawa haipiti mu damu. Inatoka tu, kama ilivyoingia." Akakaa kwenye benchi karibu na Edouard. "Nilifundishwa hii. Mu shule, kitambo. Kisha nikatumwa kazi Mambasa, mu pori, miaka kumi na mbili. Kule ngombe hakuna, mbung'o inaua yote. Nani angekunywa maziwa? Nikasahau. Mungu wangu, nikasahau."

"Kwa hiyo ni ile maziwa?" aliuliza Edouard. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akainamisha kichwa.

"Ni maziwa. Maji matupu, saa moja mbele ya kula ao saa mbili kisha ya kula. Tumbo ikiuma, ale kipande kidogo ya muhogo. Maziwa hapana." Théodore alimgeukia Mbambu. "Mama Viviane, nilikosa. Unisamehe."

"Sema nguvu, munganga!" alipiga kelele mwanamke mmoja kutoka nyuma. "Siku ile tulisikia muzuri!"

Foleni ikaangua kicheko. Théodore akasimama, akavuta pumzi, akarudia kwa sauti yake ya siku zote, sauti ya kuita majina, kwamba Mama Viviane hakuuza kitu, hakufungua kitu, na kwamba kosa lilikuwa la Théodore. Mbambu alitikisa kichwa kukubali. Kisha akaushika usukani wa baiskeli.

Mama Émilienne hakucheka. Alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele, kama wanawake wanavyokaa msibani.

*

Daktari alipofika Jumanne, Théodore alimpokea barabarani kabla hajazima pikipiki. Alimweleza, akamwonyesha ile karatasi, akalichukua kosa mabegani mwake bila kulipunguza. Daktari, Mbelgiji mwenye haraka, alimsikiliza, akamtukana kiasi, akatoa wiki moja. Msumeno ulirudi mkobani.

Wiki ile Edouard alimeza na maji. Mbambu mwenyewe aliyachemsha, akayapoza. Siku ya pili homa ilikimbia. Siku ya nne alilala usingizi usiokatika, na siku ya tano alimpigia kelele mkewe kwamba chumvi ni kidogo, na Mbambu akafurahi kama amesifiwa. Jumanne iliyofuata daktari alibonyeza mfupa, akagonga, akasema neno moja la Kifaransa lililomfanya Théodore afanye ishara ya msalaba. Kapsuli zingeendelea wiki kadhaa, lakini mguu ulikuwa wa Edouard.

Alipotoka pale kwa magongo mawili aliyojichongea mwenyewe kitandani, Edouard alisimama mbele ya foleni, wote wakimwona.

"Muke yangu aliniletea dawa ya kweli," alisema. "Nilikuwa na mudomo, sikusema. Leo nasema."

Hayakuwa maneno mengi. Mbambu aliyachukua hivyo hivyo, kwa kuwa mwenye njaa hachagui punje, lakini hakumwambia kwamba yanatosha, maana yalikuwa bado hayatoshi.

*

Barua ikiisha kutumwa hairudi. Louis aliingia siku ya pili yake, saa tatu asubuhi, vumbi la njia ya Djugu na Fataki lote limemganda kwenye nyusi. Alikuwa mtu mnene, mwenye kofia, na njia nzima alikuwa ametunga hotuba. Alikataa chai. Aliketi kwenye kiti cha uani, akaiweka kofia gotini, akakohoa.

"Nimekuja juu ya neno ya mama," alianza. "Ukoo yetu haikujua wizi. Mudogo yangu Edouard, iko namna gani? Joséphine Mbambu, simama hapa. Niko na nauli yako ya mpaka Butembo..."

"Louis," alisema Mama Émilienne.

"Mama, acha nimalize."

"Hapana, acha weye." Mama alitoka jikoni. Kwa siku tisa alikuwa amekonda. Kwa siku tisa hakuwa amemwambia Mbambu neno ila lile la lazima, pitisha kisu, funga kuku. Na Mbambu, ambaye hasira yake haikuwa imekwisha, hakuwa amemsaidia. Sasa alisimama katikati ya lupango, palepale alipokuwa amesimama siku ile ya kelele. "Barua yangu ilikuwa ya uongo. Dawa hakuna mutu aliiba. Ni miye. Nilimupa mwanangu maziwa, na maziwa ikakula dawa. Kikombe makumi na makumi. Nilikuwa naukata mguu ya mutoto yangu kwa mukono yangu, na nikasema ni huyu."

Louis alimtazama Edouard. Edouard akatikisa kichwa kuwa ndiyo.

"Ulikuja kuchukua mutu mu lupango hii," mama aliendelea. "Nauli uko nayo. Chukua miye. Turudi Mahagi leo. Siwezi tena kula bugali ya huyu mwanamuke."

Hotuba ya Louis ilikuwa imemkwama kooni, maskini, na haikuwa na mlango wa kutokea. Aliivaa kofia, akaivua. Wote wakamwangalia Mbambu.

Alikuwa na haki ya kusema lolote, naye alilijua hilo. Alikuwa na maneno ya wiki mbili yaliyolala kifuani: Butembo, biashara, kikulacho. Alikuwa na usiku ule wa barua na mtoto aliyebanwa. Angeyasema yote, na hakuna ambaye angemkatiza. Lakini alimwona mwanamke mzee mwenye macho mekundu, ambaye bati lake la nyumba lilikuwa limekwenda na chupa za maziwa, na akachoka kuchukia. Alichoka ghafla, kama mtu anayetua kuni.

"Mama haendi," alisema. Akainama, akalinyanyua beseni la unga. "Léonie ananingojea, na unga yangu imelala siku nyingi. Kapsuli ya saa sita nani atamupa?"

Mama alisimama, hakuelewa.

"Iko juu ya kabati," alisema Mbambu. "Mbili."

"Unaniachia miye?"

"Na maji, mama."

"Na maji," alirudia mzee. "Na maji. Naelewa. Na maji."

Mbambu aliliweka beseni kichwani, akatoka. Hakuwa amefika hata kwenye kona ya lupango aliposikia sauti ya mama mkwe nyuma yake, ile sauti ya zamani, yenye nguvu zake zote:

"Louis! Leta kiti hapa karibu! Weka macho yako mbili kwa hii kikombe! Angalia, ni maji! Onja! Onja kwanza, kesho musiseme ni maziwa!"

"Mama, saa sita haijafika..."

"Onja, nasema!"

Kicheko kilimshika Mbambu katikati ya barabara, kikubwa, cha tumboni, mpaka ikabidi asimame na kulishika beseni kwa mikono miwili.